Bangi Mwitu Ing'olewe Kabla ya Kuchanua

Masika yakishika, mashamba ya mahindi na viazi kwenye miteremko ya Meru, Lushoto na Nyandarua hujaa miche ya bangi mwitu. Mkulima huitambua kwa pua kabla ya macho: jani likipondwa vidoleni, harufu yake kali haitoki upesi. Haina undugu na bangi inayovutwa. Ni ya jamii ya alizeti, na wataalamu huiita Tagetes minuta.

Asili yake ni Amerika Kusini. Katika milima ya Andes, nchini Peru, majani yake husagwa kutengenezea mchuzi wa kulia viazi.

Mmea huu huishi msimu mmoja. Huota, hurefuka hata kumpita mtu mzima, huchanua vijiua vya manjano hafifu, hutoa mbegu na kufa. Hasara kubwa iko kwenye mbegu hizo: ni nyingi mno, nyembamba, nyeusi, zenye vijimiba vinavyonasa nguoni na kwenye manyoya ya mifugo, zikahamia shamba la jirani. Kwa hiyo palizi ya pili isingoje vichwa vya maua. Aliyechelewa asiilaze kati ya mistari. Aitoe shambani na kuichoma.

Mkulima wa nyanya ana sababu ya kuitazama kwa jicho jingine. Mizizi yake ina kemikali zinazodhuru minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya hadi mmea unanyauka mchana ilhali udongo una maji. Ushauri wa kupanda mashina machache pembezoni mwa shamba husikika sana, nao huwapotezea watu msimu. Eneo lote lililoathirika lifunikwe na bangi mwitu iliyosongamana, bila nyanya, kwa miezi 2 hivi. Mnavu ukijitokeza humo ung'olewe mara moja, kwa kuwa nao hulisha minyoo hiyo. Vichwa vya maua vikianza kuonekana, hata kama muda haujatimia, mimea yote ikatwe na kufukiwa.

Kwenye zizi, ng'ombe wa maziwa wasiachwe kuila, maana harufu huingia kwenye maziwa. Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, hivyo glavu na mikono mirefu vinahitajika wakati wa kung'oa. Majani makavu yasiyo na mbegu yanaweza kuwekwa kwenye viota vya kuku, kama wafugaji wengi wa nyanda za juu wanavyofanya kufukuza viroboto na utitiri.