Kabla hujalipia begi la kamera

Wadogo zangu, takriban nyote mnaoniuliza kuhusu kamera mnataka kujua mnunue lenzi gani. Leo nataka tuzungumzie begi kwanza, kwa sababu nawaona mnatoa mamilioni kwenye kamera, halafu mnaisafirisha imeviringishwa kanga ndani ya mkoba wa laptopu. Kanga inazuia mikwaruzo, lakini kishindo haikizuii.

Begi la kamera huchaguliwa kwa safari. Ukiniambia una lenzi nne, bado sijui nikushauri nini. Niambie unakwenda wapi, na unapanda nini kufika huko.

Kama unapanda ndege, anza na mizani. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu za mzigo wa mkononi kwa daraja la kawaida. Sasa piga hesabu: yapo mabegi ya kamera yanayofika kilo 2 yakiwa matupu, kwa sababu ya sponji na vyuma vya ndani. Ongeza kamera ya gramu 700, lenzi ya kawaida inayokaribia kilo moja, lenzi ndefu ya kilo moja na nusu, laptopu na chaja. Kilo 7 hizo zimekwisha na hata koti hujaweka. Kwa hiyo begi likiwa tupu linyanyue dukani, na likikulemea hapo, liache. Zile ndege ndogo zinazotua viwanja vya hifadhini, kama vya Serengeti, kwa kawaida zinakupa kilo 15 kwa mizigo yako yote pamoja, tena zinataka begi laini lisilo na magurudumu wala fremu ngumu. Yale masanduku magumu ya plastiki ni mazuri sana, ila hayapenyi kwenye kijichumba cha mizigo cha ndege hizo.

Betri za akiba zisiende kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kanuni za usafiri wa anga zinataka betri za lithiamu za akiba zikae na abiria, kwa sababu zikishika moto lazima mtu azione mara moja. Tafuta begi lenye mfuko mdogo wa kuziweka, kila moja na kifuniko chake, zisigusane na sarafu wala funguo.

Mbugani, begi la mgongoni linasumbua. Umekaa garini, tembo anavuka barabara, nawe unahangaika kufungua zipu ndefu na begi limelala miguuni. Hapo napendekeza begi la begani linalofunguka juu, lenye mfuniko unaokunjuka kuelekea nje ili uingize mkono moja kwa moja. Vumbi la kiangazi ni laini na hupenya kwenye zipu, basi hakikisha zipu imefunikwa na ulimi wa kitambaa.

Rangi nayo ina maana kubwa kuliko mnavyodhani. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mabegi mengi ya kamera ni meusi. Kwa hifadhi ya Tarangire au ya Nyerere, chukua la kaki, la kijivu au la udongo. Ila lile la madoadoa ya kijeshi liache kabisa, kwa maana Tanzania na Uganda haziruhusu raia kuvaa vitu vinavyofanana na sare za jeshi, na hutaki mjadala huo ukiwa njiani.

Kilimanjaro ni habari nyingine. Wapagazi hutangulia, na begi ulilowakabidhi utalikuta kambini jioni, kwa hiyo kamera ibaki nawe. Hapa ndipo begi la mgongoni linapohitajika, lenye mkanda mpana wa kiuno, kwa sababu nyonga ndizo zinazopaswa kubeba uzito, mabega yasaidie tu. Dada zangu, hili nawaambia ninyi hasa: mabegi mengi yameshonwa kwa mgongo mrefu na kifua cha mwanamume. Mkanda wa kiuno ukikukalia tumboni badala ya kwenye nyonga, au mkanda wa kifua ukibana matiti na hausogei juu wala chini, hilo si begi lako, hata kama bei imekufurahisha. Na kule juu usiku betri huishiwa nguvu kwa baridi, lala nazo ndani ya begi la kulalia.

Pwani adui ni unyevu. Kuvu ikiota ndani ya lenzi, kuitoa ni kazi ya fundi, na wakati mwingine alama haifutiki. Begi la ngozi linapendeza Forodhani, lakini ngozi hunyonya unyevu na kukaa nao. Nailoni ni bora, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe mara kwa mara. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi, ipate joto taratibu, usije ukakuta lenzi imejaa ukungu.

Kwenye daladala na stendi, begi lenye nembo kubwa ya kampuni ya kamera linamwambia kila mtu ulichobeba. Napenda yale yanayofunguka upande unaogusa mgongo, maana aliye nyuma yako hawezi kufika kwenye zipu. Kama fedha ni kidogo, nunua begi imara la mtumba, kisha ununue kisanduku cha sponji chenye vigawanyo ukitumbukize ndani. Hutapungukiwa kitu, na hakuna atakayejua kilichomo.

Siku ya kununua, nenda na vifaa vyako vyote. Vipange ndani, livae begi, funga mikanda, tembea humo dukani robo saa, uiname, ujaribu kutoa kamera kwa mkono mmoja. Muuzaji akikataa ulijaribu likiwa na mzigo, nenda duka la jirani.