Somo la Vipepeo na Nondo

Watu wengi wapitao msituni humwona kipepeo, wakasema ni mdudu tu, wakaenda zao. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kumtazama, maana amjuaye kipepeo huujua na mti wake.

Tuchukue kwa mfano Msitu wa Arabuko-Sokoke, katika pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi. Ukubwa wake ni kama kilomita 420 za mraba, na aina za vipepeo zilizoonekana humo zapita 250. Atakaye kuwaona na aende baada ya mvua, siku ya jua, tangu saa tatu asubuhi. Kwani kipepeo hungoja jua limpashe joto ndipo aruke. Aende polepole, wala kivuli chake kisimwangukie mdudu. Atazame penye maua, penye tope, na penye matunda yaliyooza.

Kwanza, apambanue kipepeo na nondo. Kipepeo huruka mchana. Vipapasio vyake vina kifundo nchani. Na atuapo, mara nyingi husimamisha mabawa juu ya mgongo. Nondo wengi huruka usiku. Vipapasio vyao ni kama uzi au unyoya, na watuapo hulaza mabawa. Lakini alama moja haitoshi, maana wako nondo warukao mchana.

Pili, asidanganywe na rangi. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Ndege humwepuka, kwa kuwa ana sumu aliyoipata katika majani aliyoyala alipokuwa kiwavi. Yuko na jike wa aina nyingine, asiye na sumu, aliyevaa rangi zile zile. Ndege humwogopa bure.

Tatu, kila kiwavi ana majani yake. Yule wa mndimu, akiwa mchanga, hufanana na kinyesi cha ndege, hata adui humpita. Mti ukikatwa, kiwavi hana chakula, na kipepeo hutoweka.

Jambo hili lina faida. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima wa kando ya msitu walifundishwa kufuga viwavi na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga katika ganda ili ageuke. Pupa hao walipelekwa ng'ambo, katika nyumba za kuonyeshea vipepeo. Hivyo msitu uliosimama uliwapatia fedha pasipo shoka.

Basi, msomaji, kabla hujaukata mti, tazama kwanza chini ya majani yake.