Dondoo muhimu: Tovuti ya kukodishana baiskeli

Spinlister ilianza Marekani mwaka 2011, ikiwakutanisha wenye baiskeli na wanaozihitaji kwa siku chache. Anayetaka kujenga tovuti kama hiyo Kitui au Makueni, nchini Kenya, azingatie haya:

• Kurasa ziwe nyepesi, zifunguke kwenye simu hata mtandao ukiwa hafifu.

• Baiskeli zipangwe kwa miji: Wote, Emali, Mwingi. Mteja aone mapema kama baiskeli ina keria imara ya kubebea mitungi ya maji.

• Malipo na amana yapitie M-Pesa. Daraja, mfumo wa Safaricom, huiunganisha tovuti na huduma hiyo.

• Picha zipigwe kabla na baada ya safari, ugomvi usizuke.

• Nambari za vitambulisho vya watumiaji zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo.