SOMO: BRUGGE, MUJI WA MIFEREJI, WAKATI MAJANI YANAPOANGUKA



Wanafunzi wa klase ya tano waliniomba niandike habari za muji mumoja wa Ulaya, "lakini si Bruxelles wala Paris, hiyo tumeisikia sana." Basi nimechagua Brugge, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa Bruges. Iko Ubelgiji, upande wa magharibi, kilometa karibu 15 toka baharini. Nilipita kule siku chache mwisho wa mwezi wa 11. Kwa somo letu wakati huo unafaa kuliko wakati wa joto, kwa sababu wageni wamepungua na muji unajionyesha vile ulivyo.

Tuanze na jua. Goma haifiki digri 2 kusini ya ikweta, ndiyo maana mwaka muzima muchana wetu ni karibu saa 12. Brugge iko digri 51 kaskazini. Munajua kwamba dunia inazunguka ikiwa imeinama digri 23 na nusu. Mwezi wa 11 upande wa kaskazini umeligeuzia jua mugongo. Kwa hiyo kule jua linatoka kisha saa mbili ya asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja limekwisha kuzama. Nilitoka fasi ya kulala saa mbili kamili, na taa za barabara zilikuwa zinawaka bado, watoto wakienda masomoni gizani kwa kinga. Hata saa sita jua halipandi juu ya kichwa. Linafika digri 18 hivi, linakaa pembeni kama mugeni asiyetaka kuingia nyumbani. Mutu wa metre 1,70 anatupa kivuli cha metre 5 na zaidi. Wale wa section ya hesabu wanaweza kuhakikisha wenyewe kwa tangente.

Miti nayo inajua hesabu hiyo. Muchana ukipunguka, muti unarudisha ndani vitu vyake vya faida, rangi ya kijani inakufa, inabaki ile ya manjano iliyokuwa imefichwa chini yake. Kisha muti wenyewe unafunga fasi ambapo jani linashikamana na tawi, na upepo unamaliza kazi. Muti hauko mugonjwa! Huku kwetu mukaratusi unaangusha majani kidogo kidogo mwaka wote, hakuna anayeangalia. Kule yanaanguka yote kwa majuma machache, yanatelea juu ya maji ya mifereji, na watu wa komini wanayafagia asubuhi. Juu ya baridi nitasema tu kwamba si kama ile ya Lubero. Ya Lubero ni kavu zaidi, jua likitoka inakimbia. Hii ina maji ndani yake, inaingia katika mikono ya kabutu na haitoki.

Sasa tufike kwenye maji, maana muji huu ulifanywa na maji, ukaachwa na maji.

Brugge ilijengwa juu ya muto mudogo, Reie. Wanaandika kwamba mwaka 1134 dhoruba kubwa ya bahari ilifungua ghuba yenye kuitwa Zwin, ambayo iliingia inchi kavu kuelekea muji. Watu wa Brugge hawakungoja. Walichimba, wakaunganisha muto wao na ghuba, na mashua zikafika mpaka katikati ya soko. Sokoni penyewe kulikuwa nyumba kubwa iliyojengwa juu ya mufereji: mashua inaingia chini ya paa, inapakuliwa bila muzigo kulowana na mvua. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1787. Meli kubwa hazikufika muji. Zilisimama Damme, baadaye Sluis, na mizigo ikahamishwa katika vyombo vidogo. Wenye kujua Kituku, fasi mitumbwi yetu inapakuliwa, wanaelewa kazi hiyo bila picha. Tofauti ni kwamba Brugge ilikuwa na mashini ya kuinua mizigo, gurudumu kubwa la mbao, na watu wakitembea ndani yake ili lizunguke. Injini yake ilikuwa miguu ya watu.

Manyoya ya kondoo yalitoka Uingereza, watu wa Flandria wakayafuma kuwa vitambaa, wakauzisha mbali. Mwaka 1277 meli za Genoa zikafika toka bahari ya Mediterania, na wafanya biashara wa Udachi ya kaskazini walikuwa na nyumba zao pale. Kulikuwa jamaa moja yenye nyumba ya wageni, jina lao Van der Beurze. Wafanya biashara walizoea kukutana mbele ya nyumba yao kwa kupatana bei na kubadilisha feza. Neno la Kifaransa "bourse", lile munasikia katika radio wakitoa bei ya shaba na kobalti ya Katanga, wengi wanalitoa katika jina la jamaa ile. Si ajabu? Bei ya mali ya inchi yetu inasemwa kila siku kwa jina la nyumba ya wageni ya Brugge.

Na tukiwa katika hesabu: Simon Stevin alizaliwa muji huu mwaka 1548. Mwaka 1585 alitoa kitabu kidogo, De Thiende, akifundisha watu kuhesabu kwa sehemu za kumi badala ya kuhangaika na sehemu za kila namna. Alama yake haikuwa virgule yetu, lakini mawazo ni yale yale. Mukiandika 12,5 muko wanafunzi wake. Ana sanamu na uwanja wa jina lake. Siku ile njiwa wawili walikuwa wamekaa juu ya kichwa chake, wamevimba kwa baridi.

Kisha muchanga ukaja. Hakuna vita iliyoua bandari ya Brugge, ingawa fitina na wakubwa zilisaidia: mwaka 1488 wakaaji walimufunga Maximilian mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa kaisari. Zwin ilijaa muchanga mwaka kwa mwaka, meli zikakwama, na wafanya biashara wakahamia Antwerpen. Muji uliokuwa na watu karibu elfu arobaini ukalala. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya wakaaji walikula kwa musaada wa maskini. Maelfu ya wanawake na wasichana walikaa mulangoni wakisuka dantela, ile kitambaa yenye matundu, kwa mushahara mudogo sana. Leo mugeni ananunua dantela kama kitu cha furaha. Mwalimu wa historia anapaswa kuuliza macho ya nani yaliharibika juu yake.

Hapa ndipo fasi ninayotaka mushike, hasa ninyi munaosema kila siku "Ulaya, Ulaya" kana kwamba nyumba za kule zilizaliwa na feza ndani. Wageni wanasifu Brugge kwa sababu nyumba zake za zamani zimesimama. Kwa nini zimesimama? Sehemu kubwa ya jibu ni umaskini. Miji mingine ya Ulaya ilipata feza katika karne ya 19, ikabomoa nyumba za zamani, ikajenga vyombo vya kazi na barabara pana. Brugge haikuwa na feza ya kutosha ya kubomoa. Mwaka 1892 Georges Rodenbach alitoa kitabu Bruges-la-Morte, maana yake Brugge iliyokufa, na watu wakaanza kuja kuangalia huzuni ya muji. Wakaaji wengine walikasirika. Nani anapenda kuitwa maiti? Mwaka 2000 UNESCO iliandika katikati ya muji katika mali ya urithi wa dunia, na mwaka 2002 Brugge ilikuwa muji mukuu wa utamaduni wa Ulaya. Mwaka ule ule, tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, Nyiragongo ilikuwa imepasua Goma yetu katikati, moto ukafika mpaka ziwani. Sitaki kulinganisha, ni tarehe tu, zimekaa pamoja.

Wabelgiji walitaka bandari irudi. Mwaka 1907 mufalme Leopold wa Pili alifungua Zeebrugge, bandari mupya ya baharini yenye mufereji mpaka Brugge. Kumbukeni mwaka: Kongo ilikuwa bado mali yake mwenyewe, ilitoka mikononi mwake mwezi wa 11 wa 1908. Tangu 2022 Zeebrugge imeunganishwa na Antwerpen kuwa bandari moja.

Karibu na pale, katika Blankenberge, mbele ya bahari, kuna sanamu ya mwaka 1900 kwa ukumbusho wa Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, waliouawa Kasongo mwisho wa mwaka 1892 katika vita na watu wa Sefu, mutoto wa Tippu Tip. De Bruyne alikuwa mutoto wa Blankenberge. Kule inasimuliwa kwamba aliletwa kando ya muto Lomami kusema na Wabelgiji wenzake waliokuwa ngambo, angaliweza kukimbia, lakini alirudi kwa mukubwa wake aliyebaki mufungwa. Ujasiri huo siukatai. Lakini nikisimama pale, na upepo ukinitoa machozi, nilifikiri juu ya wapagazi na askari weusi wa pande zote mbili, ambao vita ile iliwamaliza bila jiwe. Tena, lugha hii tunayosoma sasa ilifika Maniema na misafara ile ile ya Waarabu na Waswahili. Sanamu ya Blankenberge ni sehemu ya historia ya Kiswahili chetu, hata kama wenye kupiga picha mbele yake hawajui.

Nirudi Brugge kwa jambo moja la mwisho, nalo kwangu ni kubwa. Katika kanisa la Mama Maria, lenye munara wa matofali wa metre 115, kuna sanamu ya marmari ya Maria na Mutoto, kazi ya Michelangelo. Mufanya biashara wa Brugge aliinunua mwanzo wa karne ya 16. Wafaransa waliibeba mwaka 1794, ilirudishwa. Wadachi waliibeba mwaka 1944, wakaificha katika shimo la chumvi kule Austria, ilirudishwa tena. Mara mbili! Hakuna aliyewaambia watu wa Brugge kwamba hawana nyumba nzuri ya kuitunzia. Sasa mwezi wa sita wa 2022 mufalme Philippe alileta Kinshasa sura ya Kakuungu, ya Wasuku, toka makumbusho ya Tervuren. Ilisemwa kwamba ni kwa kukopesha, bila mwisho. Ninaandika neno "kukopesha" vile lilivyosemwa, na ninawaachia ninyi kulipima.

Maneno madogo kwa mwenye kupata siku moja nafasi ya kwenda. Mashua za kutembeza wageni katika mifereji zinafanya kazi toka mwezi wa tatu mpaka katikati ya mwezi wa 11. Mimi nilizikuta zimefungwa, zimefunikwa turubai. Munara wa kengele sokoni una ngazi 366, na kengele 47. Maduka ya shokola ni mingi kupita kiasi. Nilimuuliza muuzaji mumoja kama anajua kakao inaonekana namna gani mutini. Alicheka, akasema hapana. Ningemwonyesha mashamba ya Beni, kama picha ningekuwa nayo.

Kazi ya nyumbani, kwa klase ya tatu mpaka ya sita. Simameni inje saa sita kamili, mupime kivuli cha fimbo ya metre moja kwa siku saba, muandike. Kisha wawili wawili muende Kituku au fasi ingine ya bandari, muulize wapakuzi, kwa heshima, muzigo mumoja unapita mikononi mwa watu wangapi toka mutumbwi mpaka chukudu, na kila mumoja anapata feza ngapi. Majibu yaletwe biro ya walimu siku ya Ijumaa, kabla ya saa nne.