Hisia Kinzani: Jinsi ya Kuzitambua na Kuzijadili

Kila ninaposahihisha Karatasi ya Tatu, kuna kosa moja linalorudi. Mtahiniwa ameisoma tamthilia na anayakumbuka matukio vizuri. Lakini akiulizwa kuhusu mhusika anayelitaka jambo na papo hapo halitaki, anaandika, "Hana msimamo," kisha anahamia swali lingine. Alama zinaishia hapo. Somo hili litakusaidia kuepuka kosa hilo.

Maana

Huenda umekutana na neno ambivalence katika somo la Kiingereza. Lilianza kama istilahi ya utabibu. Mwaka wa 1910, Eugen Bleuler, daktari wa magonjwa ya akili nchini Uswisi, alilitumia kwa Kijerumani kueleza hali ya mtu kuwa na hisia mbili zinazopingana kuhusu kitu kimoja. Asili yake ni Kilatini: ambi ni pande mbili, na valentia ni nguvu. Usiisahau sehemu hiyo ya pili: pande zote mbili zina nguvu. Kwa Kiswahili tunasema hisia kinzani au hisia mseto. Katika mazungumzo ya kawaida tunasema "nataka sitaki".

Hali hii hata wewe unaijua. Siku utakayomaliza mtihani wa mwisho utafurahi kwamba kengele ya alfajiri haitakuamsha tena. Hata hivyo, utakumbatiana na wenzako langoni huku machozi yakikutoka. Furaha hiyo ni ya kweli, na huzuni nayo ni ya kweli.

Usichanganye na haya

• Kutojali: mhusika hana hisia yoyote kuhusu jambo. Mwenye hisia kinzani anazo mbili, tena nzito.
• Ukigeugeu: leo anasema hili, kesho lile. Hisia kinzani hukaa moyoni kwa wakati mmoja.
• Undumakuwili: mhusika huonyesha sura moja na kuificha nyingine ili awahadae wengine. Mwenye hisia kinzani hamhadai mtu.
• Mgogoro wa nafsi: haya ni matokeo. Hisia kinzani zikimlazimu mhusika kuchagua, mgogoro huzuka ndani yake.

Mfano: Ashua katika Kigogo

Swali: Jadili hisia kinzani zinazomkumba Ashua katika tamthilia ya Kigogo. (alama 10)

Jibu dhaifu: "Ashua ni msaliti kwa sababu alienda ofisini kwa Majoka, kisha akamdai Sudi talaka."

Matukio hayo yamo tamthiliani. Tatizo ni kwamba mtahiniwa amemhukumu Ashua kabla ya kumsikiliza. Ili usiingie katika mtego huo, jiulize maswali matatu: Mhusika anavutwa na nini? Anazuiwa na nini? Ni tukio gani linalothibitisha kila upande?

Tuanze na ofisi ya Majoka. Ashua ni mama, na watoto wake wana njaa. Soko la Chapakazi, alikokuwa akiuzia maembe, limefungwa. Majoka ana uwezo wa kumsaidia. Hayo ndiyo yanayomvuta. Lakini Majoka huyo huyo ndiye chanzo cha dhiki yake, tena anamtaka kimapenzi, naye ni mke wa Sudi. Hayo ndiyo yanayomzuia. Ndiyo maana anakwenda kuomba msaada bila kukubali kuwa wa Majoka.

Twende sasa gerezani. Ashua anamdai Sudi talaka, na wengi huandika kwamba hampendi tena mumewe. Soma tena. Ashua amechoshwa na umaskini na anamwonea Tunu wivu. Mtu asiyempenda mumewe angemwonea nani wivu? Hasira yake yenyewe inaonyesha kwamba Sudi bado yumo moyoni mwake. Anataka kumwacha, na inamuuma kumpoteza.

Jibu bora (hoja moja): "Ashua anampenda Sudi ilhali amechoshwa na maisha anayoishi naye. Gerezani anamdai talaka kutokana na dhiki, lakini wivu wake kwa Tunu unadhihirisha kwamba mapenzi hayajaisha."

Ona kwamba hoja hii ina hisia ya kwanza, hisia ya pili na ushahidi wa kila moja. Andika hoja tano za namna hiyo nawe utakuwa umelijibu swali.

Dalili za kutafuta

1. Viunganishi vya ukinzani katika usemi wa mhusika: lakini, ilhali, ingawa, japo.
2. Mdokezo (...): mhusika anaanza kauli, kisha anaikatiza.
3. Uzungumzi nafsia: anajiuliza na kujijibu mwenyewe.
4. Matendo yanayopinga maneno: anasema nenda, mkono unashikilia.
5. Tanakuzi: maneno yenye maana zinazogongana yanawekwa pamoja. Tazama anwani Chozi la Heri. Chozi tumezoea kulihusisha na huzuni, nayo heri ni baraka. Mwandishi, Assumpta K. Matei, ametufungulia mlango wa hisia kinzani kabla hatujafika ukurasa wa kwanza.

Tahadhari: Usiandike tu kwamba mhusika "yuko njia panda". Taja njia zote mbili na ueleze kila moja inaelekea wapi.

Zoezi

1. Tofautisha hisia kinzani na undumakuwili, ukitoa mfano mmoja wa kila hali. (alama 4)
2. Sudi anatakiwa kuchonga kinyago huku mkewe akiwa gerezani. Eleza mambo yanayomvuta na yanayomzuia. (alama 6)
3. "Anayelia si lazima awe na huzuni." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 10)

Ukimaliza, soma kila hoja uliyoandika. Ukikuta hisia moja tu, rudi kitabuni ukaitafute ya pili.