Usiogope kumwuliza kijana kama anafikiria kujiua

Wazazi wengi huogopa kulitaja neno "kujiua" mbele ya mtoto wa sekondari. Hudhani kuwa wakilitaja watakuwa wamemtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema hofu hiyo haina msingi. Kijana akiulizwa kwa upole na waziwazi, mara nyingi hupata nafuu kwa kuwa kuna mtu aliyeyaona mateso yake.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Katika takwimu za 2021, kujiua kulikuwa kisababishi cha tatu cha vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29.

Ni nini humfikisha kijana hapo? Aghalabu si jambo moja. Matokeo mabaya ya KCSE, ugomvi nyumbani, mimba, kunajisiwa au kuonewa na wenzake huweza kumzidishia mzigo kijana ambaye tayari anaugua ugonjwa wa huzuni, anatumia pombe au bangi, au aliwahi kujaribu kujiua.

Dalili za kuangaliwa ni hizi:

• Kujitenga na marafiki na kuacha mambo aliyoyapenda.

• Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, na kushuka ghafla masomoni.

• Kugawa vitu anavyovithamini au kuaga watu bila sababu.

• Maneno kama "mngekaa vizuri bila mimi" au "nimechoka kuishi".

Usiyachukulie maneno hayo kuwa mzaha. Si kweli kwamba anayesema hawezi kutenda.

Ukiona dalili hizo, fanya hivi:

Kwanza, mketishe mahali pa faragha umwulize: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Akikubali, usimfokee wala usimwambie kuwa wengine wana shida kuliko zake. Msikilize hadi amalize. Akikuomba uifanye siri, mweleze kwa upole kwamba jambo la uhai haliwezi kufichwa.

Pili, usimwache peke yake. Dawa za hospitali, za mifugo na za kunyunyizia mimea ziondolewe nyumbani au zifungiwe. Hamu ya kujiua mara nyingi huja kwa nguvu kisha ikapita, na kijana asipopata kitu cha kumdhuru wakati huo huenda akaokoka. Nchini Sri Lanka, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015, na kupigwa marufuku kwa dawa kali za kilimo kulichangia sana.

Tatu, mpeleke hospitali iliyo karibu, hasa ikiwa ameshapanga namna ya kujidhuru. Katika hali hiyo usingoje kesho. Ugonjwa wa huzuni unatibika kwa ushauri nasaha na, inapohitajika, kwa dawa. Watoto na wazazi wanaweza pia kupiga simu ya bure nambari 116 ya Childline Kenya, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Akiwa shuleni, mwalimu wa mwongozo na ushauri ahusishwe.

Kwa miaka mingi familia ziliogopa pia polisi, kwa sababu Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyejaribu kujiua ni mgonjwa anayehitaji matibabu, na asichekwe wala kusimangwa akirudi nyumbani au darasani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa una kijana aliyebadilika siku hizi, mwulize leo jioni.