Mtoto wa kike si wa jikoni tu, wa kiume si mgeni nyumbani

Ndugu msomaji, pita jioni mitaa ya Makanyagio au Kashaulili hapa Mpanda utaona jambo tulilolizoea mpaka hatulioni tena. Binti akirudi shule anavua sare, anachukua ndoo, anawasha jiko, kisha anafua hata nguo za kaka yake. Kaka yuko kiwanjani, anasubiri sahani. Lakini ikija kazi ya kushika pesa, kama kuuza mpunga au kununua mbolea, anaitwa kaka.

Kwa malezi haya tunawalemaza wote wawili.

Binti hajawahi kushika elfu tano akaitolea hesabu, wala kuulizwa, "Wewe unaonaje?" Amefundishwa kuitika tu. Kisha tunashangaa akimwitikia mwanamume aliyemnunulia chipsi na kumpa lifti ya bodaboda. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kati ya wasichana 100 wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwishazaa au wana mimba ya kwanza. Hakuna mkoa uliotuzidi. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Sababu ni nyingi, umaskini na umbali wa shule zikiwemo. Lakini hii ya malezi imo mikononi mwetu wenyewe.

Na kijana wa kiume? Anakwenda chuo Tabora au Dar es Salaam, hata ugali hajui kusonga. Akioa, mkewe akiugua, watoto wanalala njaa na baba yao yupo.

Wapo watakaosema, "Ndivyo dini inavyotaka." Tusiisingizie dini. Bibi Aisha (ra), kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, alipoulizwa Mtume (saw) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Nani atasema kazi hiyo ilimpunguzia uanaume?

Tusome pia Suratul Qasas, aya ya 23 hadi 26. Mabinti wawili wa Madyan walichunga mifugo kwa kuwa baba yao alikuwa mzee. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba amwajiri Musa (as), akataja na sababu zake. Mzee hakumwambia anyamaze. Na Suratun Nisaa, aya ya 6, inawaagiza walezi wawajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Haikuwatenga wa kiume na wa kike. Maana yake, kujitegemea hufundishwa kidogo kidogo.

Basi tuanze na madogo. Kazi za nyumbani ziwe kwa zamu. Binti apewe pesa ya soko, apange mwenyewe, arudi na hesabu. Mvulana apike Jumamosi, na kanzu yake ya Ijumaa aifue mwenyewe. Saa ya kusoma iwe moja kwa wote.

Na binti akisema "sitaki", asikilizwe kabla ya kukaripiwa. Adabu ibaki pale pale. Lakini asiyeruhusiwa kutoa sababu mbele ya baba yake, ataweza vipi kumkatalia mtu wa barabarani?

Wabillahi tawfiq.